Kumfundisha mtoto kuandika sentensi kamili: mwongozo kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu

Muulize mtoto wa darasa la pili sentensi ni nini. Atakujibu bila kusita, maana amekaririshwa: "Sentensi huanza kwa herufi kubwa na kuishia na nukta." Kisha fungua daftari lake. Utakuta "Kucheza mpira." Utakuta "Ng'ombe wa babu." Utakuta "Nilipofika nyumbani." Zote zina herufi kubwa mwanzoni, zote zina nukta mwishoni, na hakuna hata moja iliyokamilika. Mtoto ametimiza sharti lote alilopewa. Sharti lenyewe ndilo lenye kasoro, kwa sababu limemweleza sentensi inavyoonekana, halikumweleza inafanya kazi gani.

Mwongozo huu unaanzia kwingine. Unaanza na kitenzi, na unaanzia mdomoni kabla ya kalamu. Umeandikwa kwa kumfikiria mwalimu wa shule ya msingi Tanzania, mwenye watoto 80 na ubao mmoja, lakini mwalimu wa gredi ya pili Kenya au mzazi anayekaa na mwanawe mezani jioni hatapotea humu.

Kabla ya kuingia darasani: ujue unachokitafuta

Vitabu vya sarufi vinasema sentensi ina kiima (anayezungumziwa) na kiarifu (kinachosemwa juu yake). Sawa. Ila mwalimu akilichukua hilo kwa maana ya "lazima kuwe na jina halafu kitenzi", ataanza kutia mkasi sentensi zisizo na kosa. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mengi. "Tunalima" ina watendaji (tu-), ina wakati (-na-), ina tendo (-lima). Imekamilika kwa neno moja.

Kwa hiyo swali la kwanza unapotazama alichoandika mtoto ni hili: kuna kitenzi kinachosema nani na lini? Kama kipo, upo karibu. Kama hakipo, angalia kama kuna "ni", "si", "yuko", "ana" au kitu cha jamii hiyo, maana "Juma ni mrefu" na "Baba yuko shambani" ni sentensi kamili pia. Amri nazo ni kamili: "Njoo!" Kuna na hu- ya mazoea, ambayo haitaji nafsi. "Hunywa maziwa" haitujulishi ni nani, mpaka useme "Paka hunywa maziwa."

Haya yote ni ya mwalimu. Mtoto wa miaka saba hana haja ya kusikia neno "kiambishi", na ukimpa istilahi mapema atakariri istilahi kama alivyokariri nukta.

Usisubiri darasa la tatu. Tangu mtaala wa 2015 uliposisitiza kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa mawili ya mwanzo, walimu wengi hushughulika na silabi mwaka mzima, ba be bi bo bu, na sentensi huonekana kama jambo la wakubwa. Lakini Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto anayeweza kuandika "mama" na "analima" ana kila anachohitaji kuandika "Mama analima." Akifika kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne bado anajibu kwa vipande vya maneno, kazi ya kumrekebisha ni kubwa mara dufu.

Hatua ya kwanza: tendo mbele ya darasa

Mwite mtoto. "Neema, njoo ufute ubao." Neema anafuta. Uliza darasa: "Nani?" Watajibu, "Neema!" Uliza: "Anafanya nini?" "Anafuta ubao!" Sasa waunganishe: "Neema anafuta ubao." Waseme wote, kisha safu moja moja, kisha mtoto mmoja mmoja.

Hapo ndipo kazi inaanza. Mgeukie Neema mwenyewe: "Wewe unasemaje?" "Ninafuta ubao." Mwongeze mwenzake amsaidie kufuta, uliza darasa tena: "Neema na Juma wanafuta ubao." Waulize hao wawili: "Tunafuta ubao." Wakae chini, ubao umekwisha kuwa safi: "Neema amefuta ubao." Kesho asubuhi: "Jana Neema alifuta ubao." Uliza darasa kuhusu Asha, ambaye hakuinuka kabisa kwenye dawati lake: "Asha hakufuta ubao." Watoto wataipenda hiyo ya Asha kuliko zote.

Angalia kilichotokea. Bila kuandika chochote ubaoni, watoto wamebadilisha nafsi, wakati na ukanushi, na kila mara sentensi imebaki nzima. Dakika kumi kila siku kwa majuma mawili zinatosha kuwaweka mahali pazuri. Badilisha matendo: kufungua dirisha, kubeba ndoo, kuruka, kulala dawatini (hili wanajua bila kufundishwa).

Watoto wanaozungumza Kisukuma, Kigogo au Kihaya nyumbani wana faida hapa. Lugha zao nazo ni za Kibantu, na huko pia mtendaji hukaa ndani ya kitenzi. Wasikilize wakisema, utaona wanakosea zaidi msamiati kuliko muundo. Kwa mtoto wa Kimaasai au Kiiraqw, lugha yake imejengwa kwa namna nyingine. Mpe muda mrefu zaidi kwenye hatua hii na usimkimbize kwenye daftari.

Tahadhari moja. Kuna walimu wanaodai jibu la sentensi kamili kwa kila swali, kutwa nzima. "Nani amechukua chaki?" "Juma." "Sema sentensi kamili!" Sikubaliani nao. "Juma" ni jibu sahihi la Kiswahili, na mtu yeyote mwenye akili timamu angejibu hivyo. Ukimkatalia mtoto maneno yake ya kawaida kila anapofungua kinywa, ataacha kukifungua. Afadhali utenge muda, uwaambie wazi: "Sasa tunasema kama tunavyoandika." Muda ukiisha, waache waongee.

Hatua ya pili: kadi

Kata maboksi ya biskuti au kalenda za mwaka jana ziwe vipande vya ukubwa wa kiganja. Andika kwa kalamu ya wino mzito neno moja kila kadi: Mwalimu, Kitabu, Vitabu, Watoto, Mti. Upande wa vitenzi: amefika, kimepotea, vimepotea, wanacheza, umeanguka. Andika pia kadi moja yenye nukta tu, kubwa, nyeusi.

Gawa kadi. Wenye maneno mawili yanayopatana wasimame mbele, bega kwa bega, na mwenye nukta asimame wa mwisho. Darasa lisome. Watoto hugombania kuwa nukta, kwa hiyo ibadilishe mikono kila mara.

Kisha vuruga makusudi. Msimamishe "Kitabu" karibu na "amefika". Darasa likicheka, ujue masikio yao yanafanya kazi. Upatanisho wa ngeli kwa umri huu hufundishwa kwa sikio: kitabu kimepotea, vitabu vimepotea, mti umeanguka, miti imeanguka. Huko Nairobi na miji mingine ambako mtoto amezoea kusema "kitabu yangu imepotea", usimcheke wala usimwambie lugha ya nyumbani kwao ni mbovu. Mpe kadi, mwache asikie "kitabu changu kimepotea" mara nyingi hadi ile nyingine ianze kumkwaruza mwenyewe.

Hatua ya tatu: "Imetosha" au "Bado"

Hii ndiyo hatua ninayoiona ya maana kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mweleze mtoto kwamba sentensi imekamilika pale msikilizaji anapoacha kusubiri. Soma kipande cha maneno kwa sauti. Kama kimekamilika, darasa liseme "Imetosha!" Kama hakijakamilika, liseme "Bado!" na mmoja akimalizie.

Anza na methali, kwa sababu watoto wetu wamezoea kumaliziana methali tangu nyumbani. "Asiyesikia la mkuu..." Bado! "...huvunjika guu." Imetosha! "Ukiona vyaelea..." Bado! "...vimeundwa." "Mtaka cha mvunguni..." "...sharti ainame." Hakuna mtoto atakayekaa kimya kwenye "Asiyesikia la mkuu". Tayari anahisi mwilini kwamba maneno yananing'inia. Unachofanya ni kumwonyesha kwamba hisia hiyohiyo ndiyo atakayoitumia kwenye daftari.

Vitendawili navyo vina kazi, kwa namna nyingine. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai." Likishapatikana jibu, lifanywe sentensi: "Nyumba isiyo na mlango ni yai." Hapo mtoto ametunga sentensi yenye "ni" bila kusumbuka.

Baada ya methali, leta vipande vya kawaida. Utakutana na aina zifuatazo, na kila moja ina dawa yake.

Jina tupu ndilo jepesi. "Ng'ombe wa babu." Uliza, "Wamefanya nini?" Mtoto atasema, "Wamepotea." Imetosha.

Tendo lisilo na mwenyewe: "Kucheza mpira." Uliza, "Nani?" Atasema "Mimi", na hapo umsaidie ageuze: "Ninacheza mpira" au "Ninapenda kucheza mpira." Usimwambie kwamba sentensi haiwezi kuanza na ku-, kwa sababu "Kucheza mpira ni raha" ni sentensi safi kabisa.

Gumu ni lile linaloonekana kama limekamilika. "Nilipofika nyumbani." Nafsi ipo, wakati upo, tendo lipo, na bado tunasubiri. "Mvua ikinyesha." "Mtoto aliyelia jana." Hapa -po-, -ki- na -ye vimekifanya kitenzi kitegemee kingine. Mtoto haelezwi hivyo. Anaulizwa swali. Kwa "Nilipofika nyumbani" uliza, "Ikawaje?" Kwa "Mvua ikinyesha" uliza, "Inakuwaje?" Kwa "Mtoto aliyelia jana" uliza, "Huyo mtoto amefanyaje?" Majibu yanakuja yenyewe: "Nilipofika nyumbani nilimkuta mama analala." Mwambie aandike vyote viwili kabla ya nukta.

Halafu kuna "Kwa sababu alikuwa anaumwa." Hili ni la mtihani. Swali linauliza, "Kwa nini Asha hakwenda shule?" na mtoto anaandika kama anavyojibu mdomoni. Mfundishe kuanza kwa kulirudisha swali: "Asha hakwenda shule kwa sababu alikuwa anaumwa."

Kuna mtego mmoja. Mtoto makini atakuuliza: "Mwalimu, 'Anacheza' imetosha? Mbona sijui nani?" Mpongeze. Kisha mweleze kwamba kama sentensi ya kabla yake imeshasema "Juma yuko uwanjani", basi "Anacheza mpira" imetosha, kwa kuwa tunamjua. Sentensi ya kwanza kwenye ukurasa imtaje mtu. Zinazofuata si lazima.

Hatua ya nne: kuingia kwenye daftari

Kunakili ubaoni kunamzoesha mkono, basi. Mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima bila kusoma neno. Nakushauri upitie njia ya kumalizia: mpe mwanzo, amalizie mwisho. "Mbuzi wetu ______." Keshokutwa mpe mwisho: "______ imevunjika." Hii ya pili inamlazimu afikirie ni nini kinachoweza kuvunjika na kupatana na "ime-": meza, kalamu, baiskeli. Ukimpata aliyeandika "Kiti imevunjika", unajua umrudishe kwenye kadi.

Imla ina nafasi yake, ikifanywa polepole. Soma sentensi: "Mama anapika ugali." Kabla ya kushika penseli, watoto wairudie na kuhesabu maneno kwa vidole: mama, anapika, ugali. Vidole vitatu, maneno matatu. Zoezi hili la vidole linaondoa kosa ambalo kila mwalimu wa darasa la pili analijua, yaani "ana pika", "ni na penda", "nilipo fika". Mtoto amefundishwa silabi kwa mapengo, kwa hiyo anaandika kwa mapengo. Vidole vinamwonyesha kwamba kitenzi hakikatwi. Upande wa pili kuna "kwasababu" na "kwahiyo", ambavyo ni vidole viwili kila kimoja, na hata watu wazima wenye vyeo vyao huviandika vikiwa vimeshikana. "Sijui" ni kidole kimoja; "si mwizi" ni viwili.

Baada ya hapo mtoto aandike ya kwake. Asianze na mada kubwa kama "Nchi yangu". Aandike sentensi moja kuhusu kitu alichokiona akija shule. Kabla ya kuandika amwambie jirani yake wa dawati, jirani aseme "Imetosha" au "Bado".

Hatua ya tano: nukta na herufi kubwa

Sasa zinaingia, na zitaeleweka haraka, kwa sababu mtoto anajua zinaashiria nini. Nukta ni ile "Imetosha" ikiandikwa.

Tazama kosa moja kwa karibu: mtoto anaweka nukta mwisho wa kila mstari wa daftari, hata katikati ya neno. Sentensi zote alizoziona ubaoni zilikuwa fupi na ziliishia ukingoni, akahitimisha kwamba nukta ni ya ukingo. Dawa yake ni kuandika ubaoni sentensi inayovuka mstari, na nyingine fupi mbili zinazokaa mstari mmoja. Wasome kwa sauti wakipiga kofi moja kila penye nukta. Kofi likiangukia katikati ya mstari, ukingo unasahaulika.

Herufi kubwa: mwanzo wa sentensi, majina ya watu na mahali, siku na miezi. Wale wanaotia B au R kubwa katikati ya neno wanafanya hivyo kwa sababu herufi ndogo, b na r, zinawachanganya. Wape mazoezi ya hati, hilo si kosa la sentensi.

Hatua ya sita: kurefusha, na ugonjwa wa "halafu"

Mtoto akishaandika sentensi fupi bila kusukumwa, mpe maswali ya nyongeza. "Paka amelala." Paka wa nani? Wapi? Lini? Inakuwa "Paka wa bibi amelala juu ya gunia la mahindi." Nyongeza moja au mbili zinatosha kwa wakati mmoja.

Hapo hapo utaletewa hii: "Niliamka halafu nikanawa uso halafu nikanywa chai halafu nikaenda shule halafu..." hadi ukurasa unaisha. Usimkataze "halafu" tu. Mwonyeshe kwamba -ka- tayari inabeba mfuatano, kwa hiyo "halafu" inafanya kazi iliyokwisha kufanywa. "Niliamka, nikanawa uso, nikanywa chai. Nikaenda shule." Mimi huwawekea kikomo cha -ka- tatu kisha nukta. Si kanuni ya sarufi, ni uzio wa muda, na mtoto akizoea kuhisi pa kupumzika unauondoa.

Kusahihisha madaftari 80 bila kuugua

Chagua kosa moja la wiki. Wiki hii unatafuta kitenzi. Mwambie kila mtoto akipigie mstari kabla ya kukusanya. Usiguse tahajia, usiguse hati. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi na mtoto, linafungwa.

Sahihisha safu moja ya madawati kwa siku, kwa kina. Safu nyingine wabadilishane madaftari na kusomeana. Badala ya kuandika sahihisho, andika swali pembeni: "Nani?" au "Ikawaje?" na umrudishie ajibu kwa kuandika upya. Njia bora kuliko zote, nafasi ikiruhusu, ni kumwita mtoto akusomee mwenyewe. Mara nyingi atafika katikati, atasimama, atasema, "Mwalimu, bado," na kuchukua penseli.

Mzazi nyumbani ana kazi ndogo. Mtoto amwandikie shangazi ujumbe mmoja kwa simu, au aandike kwenye kipande cha karatasi "Sukari imekwisha" kabla hajatumwa dukani. Usimsahihishie kila herufi. Uliza yale maswali mawili tu: "Nani?" na "Ikawaje?"

Wanaobaki nyuma

Watakuwepo, na hawafanani. Mmoja ana sentensi nzuri kichwani ila herufi hazijamkaa mkononi. Huyo aseme, wewe uandike, kisha asome alichosema na kukinakili. Asinyimwe somo la sentensi kwa sababu ya hati. Mwingine hajakijua Kiswahili bado, na dawa yake ni kurudi kwenye matendo ya hatua ya kwanza, na mtoto wa lugha yake akae naye dawati moja. Wa tatu anaandika vizuri kwenye imla lakini kila anachonakili ubaoni kina maneno yaliyopotea katikati. Msogeze dawati la mbele kwa wiki moja na uangalie tena. Maneno yakirudi, huenda tatizo ni macho, na mzazi aitwe aelezwe ampeleke kupimwa, kabla mtu hajamwandikia "mzembe" kwenye ripoti.